Alisema Amelala

Uzi ukikatika, najua la kufanya. Unalamba ncha, unaifinya kati ya vidole, unaipitisha upya kwenye tundu la sindano, na nguo inaendelea. Nashona tangu nilipoacha shule mwaka wa nne wa msingi, na sikuwahi kusikia mtu akisema uzi umekufa, mpaka mdogo wangu alipolisema neno hilo mbele ya ordinateri yake, kompyuta ya kukunja, pale Nyabiondo.

"Umekufa aje?" nikamuuliza. "Uzi inakatika. Kufa iko ya watu na kuku."

"Yaya, uzi yako na uzi yangu haiko ndugu," akasema bila kugeuka. Yaya ndivyo alivyoniita mimi dada yake mkubwa.

Tulikuwa na kibanda kimoja kando ya barabara. Mimi nilikaa mbele, kwenye baraza, na mashine yangu ya kukanyaga. Yeye alikaa ndani na betri yake, bamba la jua likiwa juu ya bati, na simu za watu zimelala mezani kama sambaza, samaki wale wadogo, za kuanika, zikingoja kujaa moto wa betri. Alikuwa amesomea informatiki Goma. Ulibaki mwaka mmoja amalize, vita ikafunga njia, akarudi kwetu na ordinateri imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Kazi yake ya mwisho ya masomo hakuiacha. Ilikuwa programu ya kupanga zamu za wagonjwa kwenye kituo cha afya. Ndani ya programu hiyo, alinieleza, kazi nyingi zinatembea kwa wakati mmoja, na kila kazi Wafaransa wanaiita fili, na fili njo, yaani ndiyo, uzi.

Nilicheka, lakini mchana ulikuwa mrefu na wateja wachache, kwa hiyo nikamwambia anifundishe uzi wake. Akanielekeza upande wa pili wa barabara, kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa moja tu kwa kijiji kizima.

"Unaona ule mama mwenye iko nafika na beseni? Hajajipanga. Huyo iko mupya. Akisha kujipanga ku mulolongo, iko tayari. Lakini tayari haiko kusaga, yaya. Mashine iko moja, wamama iko wengi. Mwenye mashine anamupa huyu kidogo, anamusimamisha, anamupa mwingine kidogo. Mwenye unga wake iko naanguka saa hii, huyo peke njo anatembea."

"Na ule mwenye amekaa pembeni?"

"Ule anangoja. Anangoja binti yake alete mihogo ingine. Hata mashine ikibaki wazi, yeye haendi. Mwenye kungoja hajiamushe, lazima mwingine amuite."

"Na huyu papa anakoroma ku gunia?"

"Huyo analala. Kulala iko mbali na kungoja. Mwenye kulala amejipimia saa yake mwenyewe. Saa ikifika anaamuka, anarudi ku mulolongo na wenzake. Haombe mutu amuite."

Ya kukwama hakuhitaji kunieleza. Kwetu barieri, kizuizi cha njiani, si ukuta, ni kamba. Imefungwa kwenye mti mmoja, ncha ya pili imeshikwa na mwenye bunduki, wewe umesimama hapo na maharagi yako kichwani, miguu ni mizima na njia unaiona mbele, lakini ruhusa iko mkononi mwa mwingine. Alisema uzi pia unakwama hivyo, mbele ya mlango ambao ufunguo wake ameushika uzi mwingine.

Siku nyingine aliniambia kwamba uzi wake ulikuwa na mashefu wawili, wakuu wawili. Chini kabisa kuna shefu wa udongo, mfumo wa mashine yenyewe, yule anayegawa zamu za kweli. Juu yake kuna nyumba ambamo programu inakaa, na nyumba hiyo ina msimamizi wake: anazihesabu nyuzi zote, anafagia uchafu wao, anawakataza kugusa visivyo vyao. Na mashefu hao wawili hawasemi sawa kila mara. Msimamizi wa juu ukimuuliza habari ya uzi fulani anajibu, anatembea, huyo iko kazini. Kumbe shefu wa chini amemsimamisha kitambo, anangoja kitu kutoka nje ambacho hakijafika.

"Kama serikali," nikasema. "Ku radio njia ya Walikale iko wazi."

Akacheka mpaka akafuta macho. Ni hivyo nilivyozoea kumwona: anacheka, kidole bado juu ya kibonyezo.

Mama yetu alikuwa akipita na sombe yake, majani ya mihogo, akatusikia. Mdogo wangu akamwita. "Mama, hata wewe uko humu. Uzi ya mama inazaa zingine, kisha inasimama kuzingoja. Watoto wakimaliza wote, njo mama anafunga programu. Mutoto mumoja asipomaliza, mama hafunge."

"Kwani ulizani mimi nafunga mulango mbele ya ninyi wote kuingia?" Mama akajibu, akaenda zake.

Neno moja zaidi niliandike, kwa sababu limenikaa. Nilimuuliza, uzi msumbufu si unauua tu? Akatikisa kichwa. Msimamizi wa juu, alisema, amekataza mambo hayo. Unauomba uzi usimame, na wenyewe ukikubali unaweka vitu chini na kutoka. Lakini kwa shefu wa chini njia ya kuua kwa nguvu ingalipo. "Ila tu, ukimuua hivyo anakufa na ufunguo mukononi. Wenye walikuwa wanangoja ule mulango watangoja tu. Wao hawakufanya kosa lolote."

Wanaoandika mambo yetu wanapenda kusema vita ilifanya hiki, vita ilifanya kile. Vita haina mikono. Mdogo wangu alichukuliwa na watu, na watu hao nawajua. Majina siyaandiki, kwa kuwa watoto wao wanakaa benchi moja na watoto wa kaka zangu. Lakini wakisoma hapa watajijua.

Wa kwanza ni shefu wa kijiji chetu. Suruali zake zote nilimshonea mimi, najua kiuno chake kuliko mke wake. Wa pili ni komanda wa vijana wa juu ya mlima, wale waliosema wanatulinda, na ambaye juma lile lile alikuwa ameniletea koti lake nipunguze mikono. Wa tatu ni papa mwenye magari, ambaye mawe yake ya madini yalikuwa yamelala msituni upande wa Walikale ambako gari halifiki, akataka migongo ya kuyatoa. Wa nne ni askari wa serikali wa barieri, ile kamba ya chini ya kijiji, ambao waliiinua kamba, watu wetu wakapitishwa wamefungwa mikono, nao wakawa wanaangalia viatu vyao.

Ilikuwa siku ya soko, jua liko juu. Komanda akaja na vijana wake, akasimama mbele ya shefu, akasema anataka wanaume wenye nguvu wa kubeba. Shefu alivuta midomo mbele, vile tunavyoonyesha kitu bila kunyoosha kidole, akaielekeza kwenye kibanda chetu. Nilikuwa na sindano mdomoni. Niliona midomo ile kama ninavyoona sindano.

Walimtoa. Walichukua bamba la jua, ordinateri na simu za watu, na betri wakambebesha yeye mwenyewe kichwani. Mke wake alikuwa mtoni anafua. Mimi nilimfuata komanda, nikamwambia koti lake bado liko kwangu, aniachie kijana na koti nitalimaliza leo. Akasema, "Mama fundi, koti nitapitia tu."

Pale kwenye kamba mdogo wangu aligeuza uso, taratibu, kwa sababu ya betri. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi: "Yaya, mwambie Mama nimelala. Sikufa, nimelala."

Wale vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe mwenzetu anabeba usingizini." Kati ya wote waliokuwa pale, mimi peke yangu nilielewa. Alikuwa anasema neno la ordinateri. Alikuwa anasema, nimejipimia saa, nitaamka mwenyewe, msinitafute, msije kuuawa mkiniita.

Nikampelekea Mama ujumbe, na maana yake nikamweleza yote, kulala na kungoja, tofauti yake. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi amejipimia saa."

Kisha kijiji kizima kilikimbia. Tulifika Kashuga, kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya plastiki, Mama na mimi na mke wa mdogo wangu. Hapo nilijua vizuri kungoja ni nini. Tulingoja maji, tulingoja unga, tulingoja mtu aje na kipaza sauti aseme leo ni sekta yenu. Hakuna aliyeweza kujiamsha. Usiku wakija waliotufukuza, asubuhi askari wanasema kambi iko salama. Juu anatembea, chini amekwama.

Habari ya mdogo wangu haikuja. Kati ya wanaume waliochukuliwa naye walirudi wawili tu, na kila mmoja alisema alitengwa naye njiani. Papa mwenye magari alianza kununua mawe upya kama kawaida. Siku moja katekisti wa kambi akaja kwetu na uso wa pole, akashika mkono wa Mama, akasema, "Mama, tukubali. Mutoto amelala."

Mama akamwangalia kwa furaha. "Njo alisema vile," akajibu. "Amelala. Wewe ulimuona wapi?"

Kwa katekisti, na kwa watu wote wa Mungu, kulala ni kufa kulikofunikwa shuka. Kwa Mama, kwa sababu ya mambo niliyomweleza mimi na aliyonieleza mwanawe, kulala ilikuwa saa ambayo haijafika. Walizungumza neno moja mchana ule wote na hawakukutana.

Hapo njo mke wa mdogo wangu aliponaswa. Kwetu mtu asiyezikwa hana kilio, na kilio kisipofungwa mke si mjane. Hawezi kutoka, hawezi kuolewa, hawezi hata kuvaa kitenge chekundu bila kusemwa. Alikuwa angali kijana. Alipatikana mwanaume wa kijiji cha Kingi, mwendesha pikipiki, mtu wa adabu, mke wake alikufa na uzazi. Wazazi wa mwanaume huyo wakasema, tunamkubali, lakini wafunge kilio kwanza. Hatutaki siku moja mwenye mke atokee mlangoni.

Njia ilikuwepo. Wazee wetu, mtu akipotea majini ao msituni, walikata shina la mugomba, wakalifunga shuka, wakalilia, wakalizika kama ndiye. Mke wa mdogo wangu akaja kwangu kwanza.

"Shemeki, umusemeshe Mama. Mimi siko namuua. Lakini niko nakwama hapa, na ufunguo alienda nao."

Sikujua kama mdogo wangu aliwahi kumfundisha yeye pia, ao kama ni maneno yake tu. Nilimsemesha Mama. Alikataa. Nikamsemesha tena mvua zilipoisha, akakataa: "Muntu amelala, unamutupia udongo?" Alikataa mpaka siku alipomwona mkwe wake amejikunja nyuma ya hema analia, kitambaa kimejazwa mdomoni ili sisi tusisikie. Jioni akala kidogo, akasema, "Muende muzike. Lakini mimi sitalia."

Kulikuwa na utulivu kidogo, tukapanda Nyabiondo sisi watatu na katekisti. Kwenye kamba ya kwanza vijana wakatunyang'anya mupanga. Walisema mupanga ni silaha. Jembe wakatuachia, maana jembe ni la kuwalimia wao. Basi tulipofika kwenye shamba letu, nyuma ya mahali palipokuwa nyumba, hatukuwa na kitu cha kukatia. Mke wa mdogo wangu akachagua mugomba mdogo, wa urefu wa mtu, akaupiga kwa jembe, ukakataa kukatika. Akachoka. Akauchimba. Akaung'oa mzima, na kisiki chake na macho yake, tukaukung'uta udongo, tukaufunga shuka.

Katekisti aliomba. Sisi wawili tulilia, na nilishangaa kilio kilivyokuwa kimejaa, kumbe nilikuwa nakibeba. Mama alisimama pembeni, mikono nyuma. Tulichimba shimo si refu, na ardhi ilikuwa imelegea kwa mvua. Tulilala kilio usiku mmoja kwa jirani aliyerudi, asubuhi tukashuka Kashuga. Mke wa mdogo wangu alishuka mbele, mwepesi. Kingi walipelekewa habari, wakaanza kuongea ndoa.

Mlimaji yeyote angetuambia. Sisi wenyewe ni walimaji. Mugomba ukizikwa na macho yake, umepandwa.

Jirani njo aliyeleta habari. Alikuja kambini kutafuta chumvi, akasema, "Kaburi ya kijana yenu imetoa majani." Alisema kama mzaha, wala si kwa ubaya. Mama akaomba aoneshwe. Akapanda na miguu yake ile mibovu, nami nikamfuata. Machipukizi matatu yalikuwa yamesimama juu ya udongo, majani bado yamekunjwa, yanang'aa. Mama akaketi pale pale chini.

"Uliniambia mwenyewe," akasema. "Mwenye kufa harudi. Mwenye kulala anaamuka yeye peke."

"Mama, hii ni mugomba."

"Mulimuzika na hakubali."

Habari kama hiyo haikai mahali pamoja. Ilifika Kingi kabla yetu kushuka. Wazazi wa yule mwanaume wakasema mizimu imekataa, mwenye mke yuko hai, hawaingii humo. Yeye alikuja mara moja na pikipiki yake, akasimama mbali, akamsalimia mke wa mdogo wangu kwa kumwita dada, akageuka. Baadaye alioa mwingine. Mke wa mdogo wangu hakumlaumu Mama hata siku moja. Aliendelea kumchotea maji. Nilikuwa nasikia afadhali angetukana.

Migomba ikakua. Vita ilipanda na kushuka, tukarudi Nyabiondo, tukajenga kibanda cha miti mahali pa nyumba. Mukungu wa kwanza ulitoka mkubwa, ndizi nene za kupika. Mama alikataza usiguswe. Tulikuwa tunakula majani ya mihogo bila mihogo, na mukungu ule unaning'inia hapo nyuma, kila mtu anauona, hakuna mwenye kuuangalia.

Mchana mmoja wakaja. Si wale wale wote, wengine walikuwa wamekufa wenyewe, lakini komanda alikuwa yeye. Amenenepa. Alivaa koti lingine, mikono bado mirefu. Lile aliloniachia nipunguze hakupitia kulichukua. Wakaona mukungu, wakaukata, wakautupa mbele yetu, wakasema tuwapikie. Mke wa mdogo wangu alimenya. Mimi niliwasha moto. Mama alikaa kwenye kigoda akawaangalia wanavyokula, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Komanda akasema, "Mama, ndizi hii iko tamu. Mulitia nini?"

"Mulimubeba," Mama akasema. "Sasa mumalize."

Hakuelewa. Akadhani mzee anamkaribisha, akaongeza.

Walipoondoka Mama aliniita. Tangu siku ile ya kamba alikuwa hajaniuliza tena juu ya uzi. Akauliza, "Ile ya mwisho kabisa, alisemaka inaitwa aje?"

"Ni kufa tu, Mama. Alisema uzi ikisha kufa haianzishwe tena. Unaweza kuunda ingine yenye kufanana, lakini ile yenyewe basi."

"Na yenye inazaa zingine, yenye inangoja?"

"Hiyo inangoja watoto wamalize, njo inafunga."

"Kama hakuna mwenye atakuja kusema wamemaliza?"

Nilimwambia Mama kwamba mdogo wangu hakunifundisha hiyo. Alinifundisha, lakini nilimwambia hivyo. Mama akaingia ndani, na baada ya siku ile kula kwake kulikuwa kugusa sahani. Alikufa kabla ya maharagi kuvunwa, mchana, uso umegeukia mlango, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu alikuwa amekataza ufungwe.

Yeye tulimzika vizuri. Mwili ulikuwepo. Watu wakaja, na shefu akaja pia, amevaa suruali niliyomshonea kabla ya mambo yote, imepauka magotini. Amezeeka, lakini midomo ni ile. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya msibani, "Pole, mama fundi. Mama yetu amelala."

"Hapana, Papa Shefu," nikasema. "Huyu amekufa. Mwenye kulala ni yule ulimuonyesha na midomo."

Watu waliokuwa karibu waliinamisha vichwa. Yeye aliniachia mkono, akakohoa, akatafuta mahali pa kukaa. Mke wa mdogo wangu alikuwa anagawa chakula, na kwa desturi yetu shefu hapitwi. Alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akampakulia bugali na maharagi, akamwekea mbele, akamletea na maji ya kunawa. Shefu akanawa, akala, akamaliza, akasema chakula kilikuwa kizuri.